Jinsi Chomba Alivyomwokoa Gavana kwa Rangi ya Bendera

Nipeni karatasi niandike, na kama karatasi nayo imepunguzwa, nipeni ubavu wa katoni ya sabuni. Nipeni wino, na kama wino umekwenda vitani pamoja na kila kitu kingine, nikwangulieni masizi ya sufuria, maana masizi hayajawahi kuombewa kibali. Sogeeni, ninyi wa Ruashi na wa Kamalondo, mitaa ya Lubumbashi, ninyi mliosimama juani na beseni tupu mkingojea kilichoahidiwa. Nanyi mlioahidi, kaeni pale nyuma; mtatajwa zamu yenu ikifika. Leo nasimulia vita ambavyo gazeti halikuviandika, kwa sababu hakuna mzungu aliyekwaruzwa. Namsimulia Chomba mwana wa Lukafu, mpuliza filimbi, simba wa kaptula ya kaki, ambaye kwa brashi yenye nywele chache kuliko kichwa cha waziri alirudisha nyuma jeshi zima la akina mama, akaiokoa roho ya Gavana. Na mjue tangu sasa, msije mkanilaumu baadaye: Gavana ni ngiri.

Ilikuwa enzi za dola letu tukufu la Katanga, lile lililojitenga na Kongo kabla Kongo haijazoea kuitwa huru. Dola lile lilikuwa na bendera. Lilikuwa na stempu, lilikuwa na wimbo, lilikuwa na wazungu wa kuvaa kombati na wazungu wengine wa kukaa nyuma ya kila waziri wakimnong'oneza maoni yake mwenyewe. Kitu kimoja tu halikuwa nacho: pumba za kumlisha ngiri mmoja.

Maana ilikuwapo idara, na idara hiyo kazi yake ilikuwa kulinda wanyama wa pori wa nchi hii, kuanzia milima ya Kundelungu hadi mpakani Sakania. Makao yake yalikuwa nyumba ya matofali mekundu karibu na reli, yenye ua nyuma kwa ajili ya wanyama yatima. Juu ya idara hiyo ndipo liliposhuka lile panga ambalo wakubwa, kwa adabu zao, waliliita kupunguza matumizi. Kwanza ilikatwa petroli, kwa kuwa vita vina kiu, na lori la doria likapandishwa juu ya matofali, likalala pale kwa heshima kama mfalme aliyekufa. Zikafuata risasi. Zikafuata bunduki, kwani bunduki bila risasi ni fimbo, na fimbo mlinzi anaweza kujikatia mwenyewe porini bila kuisumbua hazina. Zikafuata buti, wakapewa jandarme, askari wa dola. Kisha walinzi wenyewe wakapelekwa kuwa jandarme, na huko wakavishwa buti zilezile walizovuliwa. Ndege walifunguliwa mlango wakaambiwa ni likizo bila malipo. Nyani walijifungulia mlango wenyewe. Chui alikufa njaa, na katika taarifa ya idara aliitwa akiba iliyopatikana.

Lakini kabla ya petroli, kabla ya buti, alikatwa mtu. Hapa sitacheka, na wewe usicheke. Karani wa idara alikuwa Stanislas, mtu wa asili ya Kasai, jimbo la jirani, aliyezaliwa hapahapa mjini, baba yake kazikwa hapahapa mjini. Aliambiwa kwamba dola halina tena nafasi kwa watu wa kwao. Majirani waliokula arusi yake wakaja kumwonyesha njia kwa mawe, naye akabeba godoro, akamshika mkewe mkono, akaenda kuishi chini ya hema kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na maelfu wenziwe. Waliorusha mawe nawajua. Waliochungulia dirishani nawajua pia. Wino ndio hautoshi.

Basi akabaki Mkurugenzi, Monsieur Edouard, bingwa wa wanyama, aliyepewa cheo hicho kwa sababu alikuwa mtu wa chama na aliwahi kuwa na baa yenye picha ya simba mlangoni. Akabaki Chomba, mlinzi wa mwisho. Na akabaki Gavana.

Gavana aliletwa kutoka Lukafu, kwao Chomba, ndani ya gunia, akiwa mdogo kama kiatu, siku ambayo askari walimchoma mama yake wakamla kwa pilipili. Chomba alimlea kwa uji wake, kisha kwa bukari yake mwenyewe, ugali wa kwetu, tonge moja huku na tonge moja kule. Alipoota ndevu nyeupe mashavuni, walinzi wakamwita Gavana kwa kumkumbuka Mbelgiji fulani. Uhuru ulipofika, mmoja alishauri apandishwe cheo aitwe Waziri, wenzake wakamziba mdomo, wakatazama mlangoni. Lori lilikuwa limelazwa, bunduki imekwenda, buti na wenzake wamekwenda. Ngiri huyo alikuwa kiumbe pekee duniani aliyemfanya Chomba bado aitwe mlinzi.

Sasa sikieni jinsi balaa lilivyoingia kwa mlango wa sarufi.

Ilitoka amri juu kwamba kila ofisi ijiandike kwa lugha ya watu, ili watu wajue dola ni lao. Ubao wa zamani ulisema kwa Kifaransa: *Conservation de la Faune*, yaani hifadhi ya wanyama wa pori. Stanislas angeutafsiri akiwa amefumba macho, lakini Stanislas alikuwa hemani. Monsieur Edouard akaamua kufanya kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Hiyo *faune* aliuliza, akaambiwa ni nyama. Na ni kweli, maana huku kwetu anayekimbia porini na anayechemka chunguni wana jina moja, nyama. Watu wa pwani wana neno la huyu na neno la yule. Sisi hatujawahi kuachiwa nafasi ya kuona tofauti. Ama neno *conservation*, hilo hakumuuliza mtu. Alilifahamu sana, alikuwa akilila kila Jumapili kwa mkate: konserve, ile nyama tamu ya kopo kutoka Ulaya. Akachukua rangi nyekundu iliyobaki walipochora bendera ukutani kwa waziri, akaandika kwa herufi ndefu kama magobole:

KONSERVE YA NYAMA

Akarudi nyuma hatua chache, akaikubali kazi yake, akaenda zake ghorofani kulala.

Na mji ulikuwa na njaa. Maduka yamefungwa kwa ajili ya risasi, treni haileti kitu, unga unapimwa kwa kikombe. Jua halijapanda vizuri asubuhi iliyofuata, wakaja. Wakaja wenye beseni, wakaja wenye ndoo, wakaja wenye watoto mgongoni, wakatanda kutoka mlango wa idara hadi kwenye reli. Na mbele yao alisimama Mama Victorine wa Ruashi, muuza samaki wakavu, jemadari asiyepewa nyota, mwanamke ambaye sauti yake iliwahi kumfanya jandarme aombe radhi kwa kosa la jandarme mwingine. Mkiani mwa jeshi alikuwapo kikongwe mmoja, Mama Constance, ambaye hakuwa na beseni. Alikuwa na kuku mmoja chini ya kitenge, aliyenuia kumbadilisha kwa kopo moja.

Chomba akatoka mlangoni na filimbi yake shingoni.

"We baba wa filimbi," Victorine akanguruma, "fungua. Tunakuya ku nyama."

"Nyama gani, mama?"

"Ile banaandika kule yulu. Weye haujue kusoma?"

Chomba alijua kusoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akainua uso, akavuka ubao ule herufi kwa herufi, na alipofika ng'ambo akageuka kutazama nyuma. Ndani ya ua, Gavana alikuwa akikwaruza ndoo tupu kwa pembe yake, hajui kwamba jina lake limetundikwa barabarani.

Hapo shujaa akajaza kifua, akanena hotuba.

"Enyi mama ba Katanga! Enyi mama benye heshima! Nasema mbele yenu, na hii kofia ya kazi iko shahidi: hapa hapana konserve! Hakuna kopo hata moya! Humu ndani kuko nyama moya tu!"

Lo! Ulimi wa shujaa ndio adui yake wa kwanza.

"Iko!" wakapiga kelele wa mbele. "Amesema mwenyewe! Iko nyama!"

"Apana, apana, sikieni! Ile nyama iko muzima!"

Nanyi mnajua, wasomaji, kwamba kwetu mzima ni yule anayepumua, na mzima ni kile ambacho hakijakatwa.

"Muzima?" Victorine akauliza, na sauti yake ikawa laini ghafla. "Habayakata?"

"Habayakata! Na habatakata!"

"Bamama, iko muzima! Yote! Na mafuta yake!"

Neno likapita nyuma kama moto wa kiangazi. Katikati ya foleni lilikuwa ng'ombe mzima. Lilipofika kwenye reli lilikuwa kiboko. Na Gavana, aliyesikia sauti ya rafiki yake, akajibu kwa mguno mrefu kutoka uani.

"Munasikia?" mmoja akashangilia. "Inalia! Ni mupya kabisa!"

Jeshi likasukuma. Mlango, ambao bawaba yake moja ilikuwa imepunguzwa pamoja na mambo mengine, ukapiga kite. Chomba akaweka mgongo wake dhidi ya mbao, miguu pekupeku ikisaga kokoto, na ndipo dirisha la juu likafunguka, na Monsieur Edouard akatokeza uso uliokunjamana kwa usingizi.

"Chomba! Kelele gani?"

"Mukubwa, bantu banataka kumula Gavana!"

Mkurugenzi akatazama foleni. Aliitazama kama mkulima anavyotazama shamba lililoiva, maana hesabu za siasa zilikuwa zimeanza kumzunguka kichwani.

"Basi uibatolee," akasema.

"Mukubwa!"

"Ile nyama inakula, haizai, haisemi. Bantu ba Finance banatuambia kila siku: punguza, punguza. Tunapunguza! Population itakula, itashiba, siku ya uchaguzi itamukumbuka Monsieur Edouard. Unaona politique? Toa."

"Lakini ile njo service, njo idara yenyewe, mukubwa. Tukiitoa, service itabaki na nini?"

"Itabaki na miye," akasema Mkurugenzi, akafunga dirisha.

Ee wenzangu, ni mara ngapi tumesikia jibu hilo, na kwa lugha ngapi!

Lakini Chomba mwana wa Lukafu hakuitoa. Alipiga filimbi kwa nguvu kiasi kwamba jeshi lilisita, likidhani treni. Katika kusita huko akaponyoka pembeni, akaviringisha pipa la petroli, lile tupu, mjane wa lori, akalisimamisha chini ya ubao. Akashika brashi ya Mkurugenzi, iliyokauka ikawa ngumu kama mfupa. Akashika kopo la rangi ya bendera, ambalo ndani yake rangi ilikuwa imebaki ngozi nyembamba tu chini. Akapanda. Pipa likayumba. Yeye hakuyumba.

"Anafanya nini kule?" wakaulizana.

"Anapamba arusi!"

"Shuka, weye fundi! Nyama haipakwe rangi!"

"Muache," akasema Victorine, mikono kiunoni. "Pengine anaandika tuanze na nani. Miye nilifika mbele, niko nasema mapema."

Na mpango wa shujaa ulikuwa mkuu kuliko kopo lake. Alitaka kuandika hivi: Hii nyama ni ya Leta, muntu asiiguse. Maana sisi serikali tunaiita Leta, tangu wazee wetu waliposikia Wabelgiji wakisema *l'État* na wakaona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Mali ya Leta haiguswi. Anayegusa mali ya Leta hufungwa, na asiyegusa hufungwa pia, ila baadaye kidogo. Chomba aliwaza kwamba wakiliona jina hilo la kutisha watapata hofu, watarudi.

Akachovya. Rangi ikakataa. Akatema mate ndani ya kopo, akakoroga, akachovya tena, akatambua kwamba bajeti ya dola zima la Katanga imemwachia neno moja tu. Mtu mdogo angekata tamaa. Yeye akachagua neno lililo kubwa kuliko yote. Akachora L, iliyosimama kama jembe lililoegemezwa ukutani. Akachora E, na nywele mbili za brashi zikafia humo. Akachora T kama nguzo ya simu, na brashi ikatoa pumzi yake ya mwisho. Akaitupa, akapangusa kopo kwa kidole, na kwa kidole hicho, kikiwa chekundu kama cha mpiganaji aliyetoka vitani, akamaliza A. Kisha akashuka, akasimama mbele ya mlango, akafumba macho akingojea ama ushindi ama beseni za kichwa.

Victorine akasogea. Alikuwa amesoma kwa masista hadi walipomfukuza kwa maswali. Akasoma kwa sauti, nyuma yake wote wakinyamaza ili wasikie.

"Kon-ser-ve. Ya. Nya-ma." Akapumua. "Leta."

Mmoja akamvuta kitenge, akimwita dada mkubwa.

"Banasema nini, yaya?"

"Banasema nyama. Halafu banasema leta."

"Leta? Nani alete?"

Victorine akageuka, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sisi," akasema. "Bamama, tulisoma vibaya. Habatupe nyama. Banataka *sisi* tuilete."

Sasa nitaeleza kilichotokea, kwa ajili ya watoto waliozaliwa baada ya mambo haya na wanaodhani kwamba tulikuwa waoga. Babu zetu waliambiwa leta mpira, wakaenda msituni kuugema, na aliyeleta mdogo akachapwa. Baba zetu waliambiwa leta mihogo, leta wabeba mizigo, leta wanaume wa mgodini, leta kodi. Sisi wenyewe juzi tuliambiwa leta vijana, na vijana wakapelekwa, na zilizorudi ni kofia. Wabelgiji walidhani wametufundisha jina la serikali yao. Sisi tulisikia kitenzi. Na neno hilo halijawahi kusomwa katika nchi hii bila mtu kurudi nyumbani akiwa na mikono mitupu.

Kwa hiyo jeshi lililokuwa tayari kuvunja mlango kwa vifua halikusubiri kulisoma mara ya pili.

"Miye sina nyama!" mmoja akalia huku akikimbia. "Hata mu mwili sina!"

"Mbuzi yangu ilikufa mwaka jana, waulize majirani!"

"Ficha mutoto, banaweza kusema naye ni nyama!"

Beseni zikawa ngao, ndoo zikawa ngoma, vumbi likapanda, vitenge vikapepea kuliko bendera ya dola siku ya sherehe. Hata Victorine, jemadari wa Ruashi, akaondoka kwa mwendo wa mtu ambaye hakimbii, ila tu ana haraka. Muda wa kuchemsha chai haujapita, barabara ikawa tupu hadi kwenye reli.

Chomba akafumbua jicho moja, kisha la pili. Hakuelewa. Aliamini hadi kufa kwake kwamba utukufu wa Leta ndio uliowatawanya, na sisi tuliokuwa na akili ya kumweleza tulimwonea huruma. Uani, Gavana akapindua ndoo yake, akailalia.

Akatoka Monsieur Edouard, suti imefungwa vifungo vyote, kifua mbele, akauhutubia uwanja mtupu:

"Mumeona nguvu ya dola!"

Lakini uwanja haukuwa mtupu. Mama Constance alikuwa bado yupo. Miguu yake haikuwa ya kukimbia, na maisha yake yote hakuwahi kuona kwamba kukimbia kunasaidia. Akaja polepole hadi mlangoni, akafunua kitenge, akamtoa yule kuku, akamnyoosha kwa mikono miwili kama inavyopasa mbele ya wakubwa.

"Shika, mwana wangu," akamwambia Chomba. "Ni huyu moya tu. Siku zote balisema leta, tulileta. Ila jina yangu usiiandike."

Monsieur Edouard alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Enfin, mwisho! Muntu moya anaelewa," akasema. "Asante, mama. Dola itakukumbuka."

Filimbi ikalia.

Ililia katikati ya mkono wa Mkurugenzi na miguu ya kuku, na nyuma ya filimbi alisimama Chomba, kidole chekundu kimeinuliwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakunena kwa makelele.

"Mukubwa, apana."

"Apana nini?"

"Huyu kuku ni nyama ao si nyama?"

"Ni nyama, bila shaka!"

"Basi soma kule yulu. Weye mwenyewe uliandika. Kazi yetu hapa ni konserve ya nyama." Akamgeukia kikongwe. "Mama, beba kuku yako, urudi naye ku nyumba. Miye niko nakonserve."

Mkurugenzi akautazama ubao wake, akarudisha mkono mfukoni.

Mama Constance hakuamini. Alimrudisha kuku chini ya kitenge, akaondoka akitembea kinyumenyume, macho yake kwenye mkono wa Chomba, akingojea aitwe, maana kuitwa ndiko alikozoea. Alipofika kwenye reli akasimama.

"Leta inarudisha kintu?" akauliza kwa sauti.

"Lelo inarudisha," Chomba akamjibu. "Kimbia, mama, kabla haijabadilika."

Habari ikafika hadi kambini, kwenye hema la Stanislas. Wanasema alicheka kwanza, kisha akauliza, ikiwa Leta imeanza kurudisha vitu, nyumba yake itarudishwa lini. Swali hilo bado lipo; nalitunza.

Dola lile halikuishi. Lilianguka pamoja na bendera yake, stempu zake na wanong'onezaji wake, wakati Gavana akiwa bado hai, mnene kiasi, akila bukari ya Chomba tonge moja huku na tonge moja kule. Ndiyo kusema kwamba idara ya wanyama ilitimiza wajibu wake wote, kwa kuwa mnyama alilizika dola. Monsieur Edouard alipata cheo kingine katika serikali iliyofuata. Hilo mlilijua bila mimi.

Basi chongeni sanamu, ninyi mnaopenda sanamu. Futeni majina ya majemadari kwenye mitaa yenu, mpate nafasi. Na watoto wakiuliza ni lini nchi hii ilipata kuwa nchi, msiwatajie mikataba wala mizinga. Waambieni kwamba palikuwa na asubuhi moja Lubumbashi, kwenye mlango wenye bawaba moja, ambapo Leta ilipewa kuku, na Leta ikamrudisha kwa mwenyewe akiwa mzima, kwa maana zake zote mbili.